Kuufuata Ukoo wa Wakulima wa Uskoti: Somo la Nasaba kutoka Familia ya Burnes

Utangulizi

Istilahi za ukoo ni miongoni mwa mada za mwanzo kabisa katika ufundishaji wa Kiswahili. Mwanafunzi huanza na baba, mama, shangazi na mjomba, akaendelea na mjukuu, kitukuu, kilembwe na kinying'inya, na mara nyingi somo huishia katika kukariri. Maneno hayo hayakuwekwa katika lugha ili yakaririwe. Yaliwekwa kwa sababu watu walihitaji kujua nani ni wa nani: nani anarithi, nani haoi kwa nani, nani azikwe wapi na nani aitwe msiba unapotokea. Katika makala haya tunakusudia kuyapa maneno hayo kazi. Tutaufuata ukoo mmoja wa wakulima, hatua kwa hatua, kutoka kwa aliye karibu nasi kwa wakati hadi kwa aliye mbali, na kuonyesha jinsi ushahidi wa nasaba unavyokusanywa, unavyosomwa na unavyokataliwa.

Ukoo tuliouchagua ni wa Burnes, wakulima wa Uskoti, ambao ulimwengu unaufahamu zaidi kwa mwana wao mmoja, mshairi Robert Burns (1759-1796). Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, habari zake ziko wazi kwa umma na zimechunguzwa kwa muda mrefu, hivyo msomaji anaweza kuzipima mwenyewe. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, watu hawa hawakuwa wenye ardhi. Walikuwa wakulima wa kupanga, waliolima mashamba ya wengine kwa kulipa kodi na kuhama mkataba ulipokwisha au fedha zilipokwisha. Nasaba ya tajiri hufuatwa kwa hati za ardhi na mirathi. Nasaba ya mpangaji hufuatwa kwa makombo. Anayejifunza kuyaokota makombo hayo ataweza kuufuata ukoo wowote, hata wake mwenyewe.

Kuanza na aliye karibu

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kuanza na yule unayemjua kwa hakika, kisha kurudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Anayeanza na shujaa wa zamani na kuteremka kuelekea kwake mwenyewe, karibu kila mara hufika anakotaka kufika, wala si anakotoka.

Kwa ukoo wetu, aliye karibu ni Isabella Burns, kitinda mimba wa familia, aliyezaliwa mwaka 1771, akaolewa na John Begg mwaka 1793, na kufariki mwaka 1858. Mwaka huo una maana. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulioendeshwa na serikali ulianza Uskoti tarehe 1 Januari 1855, na sheria ilitaka cheti cha kifo kitaje jina la baba wa marehemu na kazi yake, pamoja na jina la mama na jina la ukoo alikozaliwa mama huyo. Kwa hiyo, mtu aliyezaliwa mwaka 1771, wakati wa usajili wa kanisa peke yake, akiwa na bahati ya kuishi hadi baada ya 1855, huacha cheti kinachoyafunga pamoja majira mawili. Mtafiti wa nasaba wa Uskoti humtafuta mzee wa namna hiyo katika kila familia. Yeye ndiye daraja.

Vyeti vya mwaka 1855 vyenyewe ni hazina ya pekee. Cheti cha kuzaliwa cha mwaka huo kilitaja umri wa wazazi, mahali walipozaliwa, tarehe na mahali pa ndoa yao, na watoto waliotangulia. Makarani walishindwa kuibeba kazi hiyo, na mwaka uliofuata maswali yakapunguzwa. Tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi vilirudishwa mwaka 1861.

Sensa nazo husaidia, lakini zisomwe kwa tahadhari. Katika sensa ya mwaka 1841, umri wa watu waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi kigawe cha tano kilicho chini yake, hivyo mtu wa miaka 69 angeweza kuandikwa 65. Sensa hiyo haikutaja uhusiano wa waliokaa nyumba moja. Sensa ya mwaka 1851 ndiyo iliyoanza kuandika uhusiano wa kila mmoja na mkuu wa kaya pamoja na parokia alikozaliwa. Mwanafunzi atakayedhani kwamba kila mwanamke anayeandikwa chini ya mwanamume katika sensa ya 1841 ni mkewe, atamfanya dada kuwa mke na mtumishi kuwa binti.

Madaftari ya kanisa na jina lisilotulia

Kabla ya 1855, tegemeo kuu ni madaftari ya parokia za Kanisa la Uskoti, ambayo leo yamehifadhiwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini Edinburgh, na picha zake husomeka katika intaneti kupitia huduma iitwayo ScotlandsPeople. Daftari la zamani kuliko yote, la parokia ya Errol, linaanza mwaka 1553. Hata hivyo, parokia hizo zilikuwa takriban 900, na kila moja ilikuwa na karani wake, bidii yake na uzembe wake. Nyingine zina mapengo ya miaka mingi. Baina ya 1783 na 1794 serikali ilitoza ada ya peni tatu kwa kila kizazi, ndoa au maziko yaliyoandikwa, na wazazi wengi maskini waliona heri mtoto abatizwe bila kuandikwa. Kutokuwamo daftarini, basi, si ushahidi kwamba mtu hakuzaliwa.

Daftari la parokia ya Ayr linaonyesha kwamba Robert alizaliwa Alloway tarehe 25 Januari 1759, mtoto halali wa William na Agnes. Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapopaswa kusimama na kuangalia. Karani aliandika jina la ukoo "Burns". Baba mwenyewe aliandika "Burnes". Jamaa zake wa upande wa mashariki wa nchi wengine waliandika "Burnes", wengine "Burness". Mama naye ni "Broun" katika maandishi fulani na "Brown" katika mengine. Robert na mdogo wake Gilbert waliamua kutumia "Burns" mwaka 1786, mwaka ule ule kitabu cha kwanza cha mashairi ya Robert kilipochapishwa mjini Kilmarnock. Baba yao alikuwa amefariki miaka miwili nyuma akiwa bado Burnes.

Je, ukoo ulibadili jina? Kwa mtazamo wa tahajia, ndiyo. Kwa mtazamo wa usemi, tofauti ilikuwa ndogo. Katika karne ya 18 tahajia ya majina ilikuwa haijatulia, na karani aliandika alichosikia kwa sikio la mahali pake. Daftari la kanisa ni kumbukumbu ya matamshi kama lilivyo kumbukumbu ya watu. Wanaoufuata ukoo huu kwa kutafuta herufi sita za "Burnes" peke yake wangempoteza mtu mashuhuri kuliko wote ndani yake.

Jambo hili si geni kwa msomaji wetu. Sote tumeona jina moja likiandikwa Yusuf, Yusufu na Yosefu kwa mtu mmoja, katika cheti cha ubatizo, cheti cha shule na kitambulisho. Mtoto wa mtu huyo atakapomtafuta babake katika kumbukumbu, itambidi atafute sauti kabla ya kutafuta herufi.

Majina ya watoto: taa, si ushahidi

Waskoti wengi wa zamani walikuwa na desturi ya kuwapa watoto majina kwa mpangilio. Mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wa tatu jina la baba. Binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, wa pili jina la bibi mzaa baba, na wa tatu jina la mama. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zitalitambua jambo hili mara moja, kwani nazo humrudisha babu kwa jina.

Tuipime desturi hiyo kwa watoto saba wa William Burnes na Agnes Broun, waliooana mwezi Desemba 1757. Watoto hao ni Robert (1759), Gilbert (1760), Agnes (1762), Annabella (1764), William (1767), John (1769) na Isabella (1771). Babu mzaa baba aliitwa Robert Burnes: mtoto wa kwanza ni Robert. Babu mzaa mama aliitwa Gilbert Broun: wa pili ni Gilbert. Baba aliitwa William: wa tatu ni William. Kwa wavulana, desturi imetimia bila kasoro.

Kwa wasichana hali ni tofauti. Bibi mzaa mama aliitwa Agnes, na binti wa kwanza ni Agnes. Lakini mama naye ni Agnes, hivyo hatuwezi kusema kwa hakika ni nani aliyekumbukwa. Bibi mzaa baba aliitwa Isabella Keith. Kwa mujibu wa desturi, jina lake lilipaswa kwenda kwa binti wa pili, lakini huyo ni Annabella. Isabella alikuja miaka saba baadaye, mtoto wa mwisho. Mtafiti aliyeishika desturi kama sheria angesema kuwa bibi mzaa baba aliitwa Annabella, akamtafuta mwanamke ambaye hakuwahi kuwako, na pengine angempata mahali pengine na kumwingiza katika ukoo usio wake. Desturi ya majina ni taa ya kumulikia njia. Ushahidi hutafutwa mahali taa ilipoelekezwa.

Kuna desturi nyingine ya Uskoti inayomsaidia mtafiti. Mwanamke aliyeolewa aliendelea kutajwa katika hati kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa. Ndiyo maana hatumfahamu mke wa Robert Burnes mzee kama "Bibi Burnes" tu, bali kama Isabella Keith, na mamake Robert huyo kama Margaret Falconer. Kwa kila ndoa, milango miwili ya ukoo hubaki wazi. Wanafunzi wanaofanya utafiti wa koo zao wajiulize ni mara ngapi wameandika "mke wa fulani" na kuufunga mlango mmoja kwa mkono wao wenyewe.

Mkulima asiye na ardhi

Tukirudi nyuma ya Alloway, tunakutana na tatizo la msingi: William hakuwa mtu wa huko. Alizaliwa mwaka 1721 katika shamba la Clochnahill, parokia ya Dunnottar, wilaya ya Kincardine, pwani ya mashariki ya Uskoti. Alloway iko magharibi. Nani alimleta? Jibu ni kufilisika. Mambo ya babake, Robert mzee, yaliharibika katika miaka ya 1740, na mwaka 1748 William aliondoka nyumbani. Alikwenda Edinburgh akafanya kazi ya bustani, kisha mwaka 1750 akaenda Ayrshire kwa kazi hiyo hiyo. Baadaye alipata kipande cha ekari saba na nusu Alloway, akajenga kwa mikono yake nyumba ya udongo na makuti ya majani ambayo ingali imesimama hadi leo.

Ushahidi unaoziunganisha pwani hizo mbili ni karatasi ndogo: cheti cha tabia njema alichopewa William alipoondoka mwaka 1748, kinachomtaja kuwa mwana wa mkulima mwaminifu wa eneo lile. Siku hizo mtu aliyehama bila cheti alishukiwa. Kilichotolewa ili kumlinda njiani kimekuwa, kwa mtafiti, hati ya nasaba.

Mwaka 1766 William aliingia katika maisha ya kupanga mashamba. Alichukua Mount Oliphant, ekari 70 za udongo mbaya, kwa kodi ya pauni 40 kwa mwaka, iliyopangwa kupanda hadi 45. Mwaka 1777 alihamia Lochlea, ekari 130, kwa shilingi 20 kila ekari, yaani pauni 130 kwa mwaka. Makubaliano ya Lochlea hayakuandikwa. Mwenye shamba alidai malimbikizo ya kodi, mpangaji alidai gharama za kuitengeneza ardhi, na mwaka 1783 mali ya William ikazuiwa kwa amri ya mahakama. Shauri lilipelekwa hadi mahakama kuu ya Edinburgh, na mwezi Januari 1784 William alishinda. Lakini akiba yake ilikuwa imemezwa na kesi, na mwili wake umemezwa na maradhi. Alifariki tarehe 13 Februari 1784, wiki chache tu baada ya ushindi.

Tunaieleza kesi hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo mtafiti hulijifunza kwa huzuni: familia maskini huonekana vizuri zaidi katika kumbukumbu inapokuwa taabuni. Miaka ya mavuno mazuri haiandikwi. Deni huandikwa, kesi huandikwa, mnada huandikwa. Baada ya kifo cha William, watoto wake wakubwa walijiandikisha kama wadai wa mishahara waliyokuwa hawajalipwa kwa kulima shamba la baba yao, ili angalau kitu kidogo kisichukuliwe na wadai wengine. Anayekutana na majina hayo katika orodha ya wadai bila kujua habari angedhani ni vibarua. Walikuwa watoto.

Robert na Gilbert walikuwa wameona mbali. Kabla baba hajafariki walikuwa wameshachukua kwa siri shamba la Mossgiel, ekari 118, karibu na kijiji cha Mauchline, na huko ndiko familia ilikohamia. Hapa kumbukumbu nyingine zinaingia: zile za baraza la wazee wa kanisa. Wasomaji waliolelewa katika makanisa ya Kipresibiteri wanalifahamu baraza hilo. Katika Uskoti ya karne ya 18 liliwahoji wasichana waliopata mimba nje ya ndoa, likaandika jina la baba wa mtoto, na kuwataka wahusika wasimame mbele ya waumini. Robert alisimama hivyo mwaka 1786 kwa ajili ya Jean Armour, aliyejifungua mapacha mwezi Septemba mwaka huo, na mwaka 1788 baraza hilo hilo likaitambua ndoa yao. Lililokusudiwa kuwa aibu limewapa maelfu ya Waskoti wa leo jina la babu ambalo daftari la ubatizo lingeliacha wazi.

Tena, mpangaji hazikwi mahali pamoja. William alizikwa Alloway. Mjane wake, Agnes, alimfuata Gilbert hadi upande wa mashariki alikopata kazi ya kusimamia mali ya tajiri mmoja, akafa mwaka 1820 na kuzikwa Bolton, karibu na Haddington. William mdogo alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, akafa London mwaka 1790. Agnes binti alifia Ireland mwaka 1834. Isabella alirudi Ayrshire, na kaburi lake liko Alloway. Anayeutafuta ukoo huu katika parokia moja tu ataipata robo yake.

Mawe ya Glenbervie

Vizazi vya nyuma zaidi tunavipata katika wilaya ya Kincardine, kwenye makaburi ya Glenbervie. Madaftari ya maziko ya Uskoti yana upungufu mkubwa, hivyo jiwe la kaburi mara nyingi ndilo shahidi pekee. Huko limo jiwe la James Burnes, mpangaji wa shamba la Brawliemuir, aliyefariki mwaka 1743 akiwa na miaka 87, na mkewe Margaret Falconer, aliyefariki mwaka 1749. Hao ni wazazi wa Robert mzee wa Clochnahill. Nyuma ya James yuko Walter Burnes, aliyelima Bogjorgan katika parokia hiyo hiyo karne ya 17.

Tuone jinsi jiwe linavyomtambulisha mtu: kwa jina lake na kwa shamba lake. Katika Uskoti ya mashambani jina la shamba lilifanya kazi ya jina la pili. Palipokuwa na akina James Burnes watatu katika parokia moja, shamba ndilo lililowatenganisha, na majirani walimwita mkulima kwa jina la shamba lake, hata asipolimiliki. Mtafiti mwenye ramani ya mashamba mezani ana silaha nusu ya vita.

Hadithi za nyumbani

Kila ukoo una hadithi zake, na ukoo wa Burnes una mbili mashuhuri. Ya kwanza ni kwamba babu wa ukoo alikuwa Walter Campbell wa mahali paitwapo Burnhouse, magharibi ya nchi, aliyekimbilia mashariki na kulificha jina lake kwa kujiita kwa jina la kwao. Hadithi ni tamu na ina mantiki ya jina ndani yake. Hata hivyo haina hati inayoiunga mkono, na jina la ukoo lilikuwa tayari linatumika katika eneo la Kincardine kwa namna mbalimbali. Kufanana kwa maneno mawili si undugu wa watu wawili. Wanaisimu tunalijua hilo, kwani tumewahi kuonya wanafunzi wanaotafuta asili ya neno kwa kusikiliza tu linafanana na neno gani.

Hadithi ya pili ilitoka kwa Robert mwenyewe. Katika barua ndefu ya mwaka 1787 kwa Daktari John Moore, alieleza kuwa wazee wake walipanga ardhi ya jamaa watukufu wa Keith, na wakashiriki katika maangamizi yao. Jamaa hao walipoteza mashamba yao baada ya kuasi mwaka 1715. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ina msingi: Dunnottar ilikuwa ardhi ya akina Keith. Sehemu ya pili ndiyo yenye shaka. Robert mzee aliendelea kulima Clochnahill kwa miaka mingi baada ya 1715, mwanawe William akazaliwa huko mwaka 1721, na kuanguka kwake ni kwa miaka ya 1740. Pengo la takriban miaka 30 ni refu mno kwa sababu na tokeo.

Kwa nini basi hadithi ikapendwa? Kuangushwa na vita kwa ajili ya mfalme wako kuna heshima. Kuangushwa na kodi ya shamba na mavuno mabaya hakuna. Mtafiti asiitupe hadithi ya namna hii. Aiandike, ataje aliyeisema na mwaka alioisema, kisha aiweke pembeni ya mti wa ukoo. Inaeleza walichotaka kuwa, na hilo nalo ni habari ya ukoo.

Kuutaja ukoo huu kwa Kiswahili

Sasa tuyarudie maneno yetu. Tukimchukua Walter wa Bogjorgan kuwa mwanzo, James wa Brawliemuir ni mtoto wake, Robert wa Clochnahill ni mjukuu, William aliyejenga Alloway ni kitukuu, na mshairi ni kilembwe. Watoto wa mshairi ni vinying'inya wa Walter. Istilahi zile nne za kukariri zimepata sura, mashamba na makaburi.

Kuna mahali Kiswahili kinaona zaidi ya hati zenyewe. Mwezi Julai 1796, siku chache kabla ya kufa, Robert akiwa mgonjwa na anadaiwa alimwandikia barua James Burness, mwanasheria wa mji wa Montrose, akimwomba pauni kumi. Kiingereza humtaja James kwa neno moja linalomfaa mtoto wa shangazi, wa mjomba, wa ami na wa mama mdogo bila kubagua. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "binamu" bila kuuliza, atakuwa amepoteza kitu. Baba wa James alizaliwa mwaka 1717, naye alikuwa kaka wa William aliyezaliwa 1721. Kwa hiyo James ni mtoto wa baba mkubwa. Kwa wengi wetu huyo si binamu, ni ndugu. Barua ile, ikisomwa kwa Kiswahili, ni barua ya mtu anayemwomba ndugu yake.

Mwanasheria huyo alikuwa na mjukuu aitwaye Alexander Burnes (1805-1841), msafiri aliyejulikana kwa safari yake ya Bukhara na aliyeuawa Kabul. Alexander ni kitukuu wa baba mkubwa wa mshairi. Aliandika jina lake kwa tahajia ya zamani, na wasomaji wengi wa habari zake hawajui kuwa damu ni moja.

Mwisho, tusidhani kwamba njia ya Uskoti inafaa kila mahali. Katika sehemu nyingi za ukanda wetu, baba na mwana hawashiriki jina. Huku Uganda, kwa mfano, Muganda hupewa jina kutoka hazina ya majina ya ukoo wake, na kinachomtambulisha na nduguze ni ukoo huo na mwiko wake. Anayefuata jina la baba hapa atapotea katika hatua ya kwanza. Afuate ukoo, mwiko na kaburi.

Zoezi kwa darasa

Tunapendekeza walimu walitumie somo hili hivi:

1. Kila mwanafunzi achore shajara ya familia ya Burnes kutoka kwa Walter hadi kwa Isabella, akiandika istilahi ya Kiswahili ya kila uhusiano.

2. Achore shajara ya ukoo wake mwenyewe kwa vizazi vitatu, akianza na yeye. Kando ya kila jina aandike amelijuaje: kwa hati, kwa kaburi, au kwa kuambiwa, na aliyemwambia ni nani.

3. Aandike kila jina kwa tahajia zote alizokutana nazo.

4. Aandike hadithi moja ya ukoo wake, kisha aeleze ni sehemu gani inayoweza kupimwa na kwa ushahidi gani.

Hitimisho

Watu tuliowafuata hawakuacha ardhi, kwa kuwa hawakuwa nayo. Waliacha cheti cha mhamaji, daftari la karani mwenye masikio yake, kesi ya kodi, aibu ya kanisani na jiwe la kaburi. Kila kimoja ni kidogo, na hakuna kinachotosha peke yake. Vikiwekwa pamoja kwa uvumilivu, na kila kiungo kikithibitishwa kabla ya kufikia kinachofuata, vinatufikisha vizazi vitano nyuma. Kiungo kimoja cha kubahatisha kingetosha kutupeleka kwa mababu wa watu wengine. Katika koo zetu nyingi, cheti na daftari havipo, na shahidi aliyebaki ni mzee anayekumbuka. Zoezi la pili hapo juu, basi, lisisubiri mwisho wa muhula.